Tupeane uzoefu: mtoto wa kitengo akimaliza shule, mlifanyaje?

Mama Mbagala
Wakuu, habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Kijana wangu ana miaka 17, ana ulemavu wa akili, yuko kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, kwenye shule ya msingi hapa jirani tangu akiwa na miaka 9. Juzi kwenye kikao cha wazazi mwalimu wake akaniambia, "Mama, mwakani tunakukabidhi mtoto wako." Nikauliza, aende wapi? Mwalimu akaanza kupanga madaftari ambayo yalikuwa yameshapangwa. Simlaumu, naye hana pa kumpeleka.

Mtihani wa darasa la saba hatafanya, kwa hiyo cheti hakuna. Anajua kudeki, kufua, kukoroga sabuni ya maji na kusalimia mtaa mzima. Daladala hajawahi kupanda peke yake. Dukani simtumi, namwonea huruma. Mliotangulia leteni habari: mlianzia wapi, mlikosea wapi? Wale wa "tumwombee" naomba mtulie kidogo, maombi tunayo.

Baba Kihonda
Mama, hapo kwenye "namwonea huruma" ndipo nilipopotezea miaka mitano mimi.

Binti yangu sasa ana 23. Namba zilimshinda kabisa, shuleni wamehangaika naye moja hadi ishirini mpaka wote wakachoka. Siku moja shangazi yake akagundua kwamba anawajua wanyama wote wa kwenye noti. Elfu mbili simba, elfu tano faru, elfu kumi tembo. Elfu moja ni Mwalimu Nyerere. Sarafu ya mia tano nyati. Basi tukaachana na namba. Fungu la nyanya ni Mwalimu mmoja, kilo ya mchele ni simba na Mwalimu. Nikaenda naye gengeni wiki tatu mfululizo. Wiki ya kwanza nimemshika mkono. Ya pili nasimama ng'ambo ya barabara. Ya tatu nimejibanza nyuma ya guta kama mwizi, mpaka mwenye guta akaniuliza nina shida gani.

Kilichotutesa ni chenji. Alipewa tembo akanunue kipande cha sabuni, akarudi na faru mmoja, basi. Sikwenda kugombana. Jioni nilimfuata Mangi mwenye duka, nikakaa kwenye kreti la soda, nikamweleza taratibu kwamba huyu ni mteja wako wa miaka thelathini ijayo. Tangu hapo anamhesabia kwa sauti: "Faru huyu, simba huyu, nyati hawa." Sasa watoto wa mtaa wote wanataja hela kwa wanyama.

Leo anauza maji ya baridi na ubuyu barazani. Kila kitu ni nyati mmoja au Mwalimu mmoja, bei ya mia tatu hatuna. Hela ya simu ndiyo bado. Namba ya siri anamtajia yeyote atakayemwuliza vizuri, kwa hiyo laini iko kwangu.

Fundi Mageti
Mimi siyo mzazi, ni mtoto mwenyewe. Kiziwi, miaka 31, nachomelea mageti na grili.

Nilisoma shule ya viziwi, pale kila mtu anaongea kwa mikono, raha tupu. Kisha nikaenda chuo cha ufundi, darasani kiziwi peke yangu, mkalimani hakuna. Mwalimu anaandika ubaoni huku anaongea amegeuka, mimi naangalia kisogo chake. Nadharia nilipata sifuri mara mbili. Karakanani nilikuwa wa kwanza. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa zamu ya jioni aliyekuwa ananichorea kwa chaki juu ya bati: pembe hii, moto huu, hapa usiguse. Nadharia yote nimeisoma kwenye bati.

Niliomba kazi kiwandani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Nikaenda na nakala yake. Wakaisoma, wakatabasamu, wakaandika kwenye karatasi: "Tutakupigia simu." Kumpigia kiziwi! Nikafungua ofisi yangu.

Mama, kijana wako siyo kiziwi, lakini wenye watoto viziwi wanisome: jifunzeni lugha ya alama NINYI. Mama yangu nampenda, anajua alama ya kula, njoo, acha na pole. Mimi nilipotaka kuzungumza habari ya mchumba, nilizungumza na nani? Nilipoumwa mgongo, daktari aliongea na yeye, yeye akanitafsiria "pole".

Tichi Ukambani
Salamu kutoka Kenya. Nafunza wanafunzi wasioona. Nitasema moja tu kwa sababu ndiyo inanisumbua usiku.

Nilikuwa na kijana, ndani ya shule anatembea bila fimbo nyeupe. Anajua kila mti na kila ngazi, anakimbia hata. Tukamsifu. Wiki chache kabla hajamaliza tulimpeleka stendi siku ya soko. Aliganda. Alishika mkono wangu hadi kucha zikaniingia. Mtaro, mkokoteni, matatu zinapiga honi, mtu anamwambia "pita hapa" na hapa haijulikani ni wapi. Miaka minane tulimfunza kutembea ndani ya ua. Siku hizi natoka nao kila mwezi, kuanzia darasa la nne, hata kama mwalimu mkuu analalamikia nauli. Na usajili wa ulemavu, ule wa kupata kadi, usingojwe shule iishe, hospitali ya kufanyia tathmini ina foleni yake.

Mzazi Trei
Nitawaudhi wenye vitengo, mnisamehe. Sabuni ya maji basi! Kila kitengo ni sabuni ya maji, kila kikundi ni sabuni ya maji. Mtaani kwetu kuna ndoo za sabuni ya maji kuliko vyombo vya kuoshea.

Mwanangu ana usonji, miaka 20. Naye alitoka shuleni na sabuni yake, tukauza lita nne kwa mwezi, tatu kanunua bibi yake. Huyu bwana kelele hawezi, watu wengi hawezi, lakini kitu kikae mstari ndiyo furaha yake. Jirani ana kuku mia mbili wa mayai. Nikaomba aende asubuhi moja tu. Aliokota mayai, akayapanga kwenye trei thelathini thelathini, ncha zote zimeangalia chini, yenye ufa pembeni. Saa 1 kamili kila siku yuko bandani, jirani akichelewa kufungua anagonga dirisha. Analipwa kwa wiki, pamoja na trei moja.

Mikopo ya halmashauri ipo, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Lakini jiandaeni na makaratasi. Kitambulisho cha taifa anaanza kuomba akifika 18. Mtoto wa mwenzetu ana mtindio wa ubongo, vidole havikunjuki, alama za vidole zilichukua safari tatu. Ya tatu mama yake alikwenda na chupa ya maji ya moto, akamkanda mkono pale pale kwenye benchi hadi kidole gumba kikalegea. Benki nako wakamwambia mama asaini yeye. Mama akakataa, akasema mwenye akaunti huyu hapa, mletee wino.

Dada wa Tanga
Wenye mabinti: kabla ya kazi, kabla ya duka, mfundisheni kusema "sitaki" kwa sauti kubwa. Shuleni tunawafunza utii tu, kila mkubwa akisema njoo, anakwenda. Wa kwangu nilimfunza kwa mchezo, mimi nasema njoo, yeye anapiga kelele "sitaki!" Majirani walidhani nampiga. Zaidi ya hapo sitaandika.

Baba Kihonda
Dada, pole sana. Nimeelewa.

Mama Mbagala
Nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. Leo saa 10 jioni nimempa kijana simba mmoja, chumvi na kiberiti, duka la tatu kutoka kwetu. Mimi nikabaki kibarazani nachambua mchicha, mchicha wenyewe sikuuona. Dakika ishirini, na duka ni la dakika mbili. Nikasema nimeua mtoto wa watu.

Kumbe alikuwa anasalimia.

Kaja na chumvi. Kiberiti kasahau. Chenji anayo yote mkononi, ameikunja ngumi na kukataa kunipa, eti ni ya kesho.