Naomba ushauri: mgongo wa chini, mazoezi au kukandwa?

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Nina miaka 41, kazi yangu ya kukaa, mgongo wa chini unaniuma, huu ni mwezi wa 4 tangu uanze, asubuhi kuvaa soksi tu ni shughuli, nauvizia mguu kama nakamata kuku. Maumivu yanafika tako la kulia, hayashuki mguuni, ganzi hakuna, haja zote naenda vizuri, daktari kanipima kasema hamna cha kutisha.

Mtu wa fizio (tiba ya viungo) wa kwanza alinipa vikao 6 vya joto, kukandwa na ile mashine ya umeme ya kubandika, yaani natoka pale raha tupu ila kesho yake kama kawa. Wa sasa kaacha vyote hivyo, ananilaza kifudifudi nanyanyua kifua kwa mikono mara 10, narudia kila baada ya masaa machache, na kutembea. Wiki ya 2 hii takoni pameachia lakini katikati ya mgongo hapo chini ndo pamezidi, yeye anasema ni dalili nzuri, mi roho haijatulia.

Mliopitia hii, kweli maumivu kuhama hivyo ndo kupona? Na nikichanganya mazoezi na kukandwa itasaidia au natupa hela?