Ushahidi wa Kiswahili, kumbukumbu ya Kiingereza: hii imekaaje?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Sheria ilibadilishwa 2021, lugha ya mahakama Tanzania ikawa Kiswahili, Kiingereza kikabaki cha pale haki inapodai. Mwaka uleule Magufuli akampandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma, watu tukashangilia. Hukumu nyingi za mahakama za juu bado zinatoka kwa Kiingereza, na hilo wala silipigii kelele, mawakili wana hoja kwamba kesi rejea, yaani hukumu za zamani wanazozitegemea, karibu zote tangu mkoloni ziko Kiingereza na chuo walisomea hicho.

Ishu yangu ni ushahidi. Shahidi anaapa, anaongea Kiswahili chake cha mtaani, hakimu anaandika Kiingereza kwa mkono huku anasikiliza huku anamwangalia wakili anayesimama kupinga. Kesi ikienda rufaa jaji hamsikii tena yule shahidi, anasoma yale maandishi tu basi.

Halafu kuna hili wengi hawalijui. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi kwa kawaida usiandikwe swali-jibu, uandikwe kama maelezo. Kwahiyo bibi akiulizwa "ulimwona mshtakiwa ameshika panga?" akajibu "eeh", kwenye jalada inasomeka kama vile kajieleza mwenyewe sentensi nzima, tena kwa Kiingereza asichokijua. Hapo nani katoa ushahidi, bibi au aliyeuliza?

Nenda kwenye kesi za ubakaji. Mtoto anasema "alinifanyia tabia mbaya". Sisi wote hapa tumeelewa, na ndivyo alivyolelewa, mambo hayo hayatajwi mbele za watu. Ukiitafsiri neno kwa neno inakuwa jamaa alikosa adabu tu, ukiandika neno la kisheria umeshamlisha mtoto maneno. Kenya nako mawakili wameshabishana rufaa kwa rufaa juu ya maneno hayohayo, kama yanatosha kuthibitisha kosa au la. Yakiandikwa kama yalivyosemwa angalau wanabishania maneno ya mtoto mwenyewe.

Najua kuna atakayesema shahidi ana haki ya kuomba asomewe alichoandikiwa. Ni kweli ipo, ila asomewe Kiingereza? Au atafsiriwe papo hapo arudishiwe Kiswahili kingine, aseme "ndiyo mheshimiwa" akawahi daladala?

Baadhi ya mahakama zimeanza mfumo wa kunukuu sauti, safi sana, ila huko wilayani kalamu bado ndo inatawala. Msimamo wangu: hukumu waandike lugha wanayoiweza, ushahidi uandikwe kwa lugha uliyotolewa, na maswali yenye mtego yaandikwe pamoja na majibu yake.

Mawakili na makarani mliomo humu, kinachozuia ni nini hasa, muda au mazoea?