Pai ya mananasi: ganda la chini nalifanyaje lisilowe?

Mpishi wa Pasiansi
Habari za jioni wapendwa. Naoka pai nyumbani kwa oda ndogondogo, na zipo mbili ninazozipenda kuliko zote: ya chumvi ni ya sangara, ya sukari ni ya mananasi.

Ya sangara naiweza. Asubuhi nafuata minofu mwaloni Kirumba, naichemsha kidogo kwa tangawizi na ndimu, naichambua vipande vikubwa (ukiivuruga inakuwa uji), kisha naiunga na kitunguu, karoti, hoho na maziwa yaliyoshikishwa kwa unga. Ukiikata ingali ya moto, nyama nyeupe inaachana tabaka kwa tabaka na mvuke wa tangawizi unakupiga usoni. Wanangu hawasubiri ipoe.

Kinachonisumbua ni mananasi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa kutoka Geita hausubiri tena kivuko, na mananasi yale ni matamu kwelikweli. Lakini maji! Juu pai inapata rangi nzuri, chini unga umelowa, umeng'ang'ania bati. Jumamosi nilirudishiwa pai mbili za sherehe ya kipaimara, na niliumia sana. Ganda ni nusu kilo ya unga kwa robo ya siagi. Jiko ni la mkaa, moto juu na chini. Nakosea wapi? Na ninyi mnapenda pai gani?

Bibi wa Bwiru
Pole mwanangu. Bila shaka mananasi unayaweka mabichi. Yakate madogo, yapike na sukari, sufuria wazi, mpaka maji yapungue. Malizia na kijiko cha wanga wa muhogo uliokorogwa kwa maji baridi. Ukipitisha mwiko katikati, njia yake ibaki wazi kidogo kabla haijajifunga.

Kisha yaache yapoe kabisa. Ukimimina ya moto, siagi inayeyuka kabla unga haujaiva, basi hapo huna ganda tena.

Na moto wako nadhani ni wa keki, makaa mengi juu na machache chini. Pai inataka chini pia pawe na nguvu. Ganda la chini litoboe kwa uma, lioke peke yake dakika 15, ndipo ujaze.

Kijana wa Nansio
Mimi nawapigia debe viazi vitamu. Kusini mwa Marekani, hasa kwa Wamarekani weusi, pai ya viazi vitamu ni chakula cha sikukuu: vinapondwa na mayai, maziwa, sukari na kungumanga. Huku kwetu Ukerewe nimeifanya kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na haikulowa hata kidogo. Chemsha na maganda yake, umenye baadaye, visinywe maji.

Wa Buzuruga
Nyama ya kusaga, juu viazi mviringo vya kupondwa, kama Waingereza. Chini haina ganda, kwa hiyo hakuna cha kulowa. Hiyo ndiyo yangu.

Mpishi wa Pasiansi
Shikamoo bibi, na asante sana. Kweli nilikuwa nayaweka mabichi, nikidhani yataivia humo humo. Leo nimepika nanasi mbili kubwa karibu nusu saa, yakabaki bakuli moja tu, mazito, rangi ya asali. Nimeyaacha yakapoa mpaka mchana. Chini nimeongeza makaa.

Nimeigeuza pai juu ya sinia nione tako lake: kavu, kahawia, nikigonga kwa kucha linalia. Nimekaa nikaitazama kabla sijamwita mtu. Mbili za kwanza nimempelekea mwenye kipaimara, sikumtoza, naye amepokea vizuri.

Kijana wa Nansio, kwa kilo moja ya viazi lishe unaweka mayai mangapi?