Naomba ushauri: torki konveta ya stoli ngapi inafaa Nova yenye 350 kwa robo maili?

Nova74
Wakuu, habari zenu. Naishi Dallas, Texas, na nina Chevrolet Nova ya 1974 ambayo huwa naipeleka kukimbia robo maili pale Texas Motorplex, Ennis. Injini ni 350, yaani lita 5.7, ya kabureta, na kemshafti yake (shafti inayofungua valvu) inavuta kuanzia RPM, yaani mizunguko kwa dakika, 2,500 mpaka 6,200. Giaboksi ni TH350, otomatiki ya gia tatu, difu (uwiano wa gia za ekseli ya nyuma) ni 3.73, matairi ya nyuma yana kipenyo cha inchi 26, na gari lina kilo kama 1,500 nikiwa ndani.

Torki konveta, kile chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, bado ni ya kiwandani. Taa ya kijani ikiwaka nakanyaga mafuta mpaka chini, injini inakohoa, gari linajikokota mita kadhaa, ndipo linaamka. Futi 60 za mwanzo nazimaliza kwa sekunde 2.2. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue konveta ya stoli 4,500, yaani RPM ambayo injini inapandia kabla konveta haijashika, rafiki yangu anasema 2,500 inatosha. Wikiendi gari hili linabeba familia pia. Nisaidieni kabla hela haijatoka mfukoni.

FundiOtomatiki
Mkuu, ugonjwa umeshautaja mwenyewe. Konveta ya kiwandani inashika kwenye RPM 1,600 hadi 1,800 hivi, na kemshafti yako pale bado imelala. Unailazimisha injini ivute gari kabla haijapata nguvu.

Konveta ya stoli kubwa inaiacha injini ipande kwanza mpaka penye torki (nguvu ya kuzungusha), kisha ndipo gari lisukumwe. Tena wakati huo tabaini, feni ya ndani inayozungusha giaboksi, bado haizunguki, steta (feni ya katikati) inaigeuza oili inayorudi, na torki inayoingia kwenye giaboksi inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya injini. Hapo ndipo gari linapochomokea. Kwa vitu ulivyoandika ningetafuta 3,000 hadi 3,200, ya inchi 10.

Robomaili_Tu
Achukue 4,500 na afunge rejeta kubwa ya kupoza oili ya giaboksi. Mashindano ni mashindano.

FundiOtomatiki
Hapana, kaka. Injini yake inakata pumzi 6,200. Akianzia 4,500 anabaki na RPM 1,700 tu za kufanyia kazi, na akiwa na familia barabarani konveta itateleza muda wote na kuchemsha oili. Joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki. Rejeta ya oili afunge kwa vyovyote vile, hata kwa hiyo 3,000.

MamaGereji
Wanangu, mnabishania namba kana kwamba imechongwa kwenye chuma. Konveta ileile inayofika 3,000 nyuma ya 350 itapanda zaidi ukiifunga nyuma ya injini yenye torki kubwa. Gari zito nalo huipandisha, na difu ndefu (yenye namba ndogo) vilevile. Kwa hiyo usinunue namba. Mpigie simu anayetengeneza konveta, mpe uzito wa gari, kemshafti, difu, kipenyo cha tairi, na torki ya injini kama uliwahi kuipima. Kama una mpango wa kuweka naitrasi, ile gesi ya kuongeza nguvu ya injini, baadaye, mwambie leo, kwa sababu torki itaongezeka na stoli itapanda nayo. Fundi asiyekuuliza maswali hayo, muage kwa heshima.

Nova74
Shikamoo Mama Gereji. Naitrasi sina mpango nayo. Nikishika breki huku nakanyaga mafuta, matairi ya nyuma yanaanza kuzunguka kwenye 1,700. Hiyo ndiyo stoli yangu?

MamaGereji
Marahaba, mwanangu. Hapo breki zimezidiwa, basi. Namba unayoitaka ni ile ambayo mshale wa RPM unarukia pale unapokanyaga mafuta yote kwa mpigo na gari likaondoka. Mwombe mtu akurekodi video ya dashibodi, kwa jicho hutaiwahi.

FundiOtomatiki
Naongezea kipimo cha mwisho wa njia, cha kujua konveta inateleza kiasi gani. Chukua maili kwa saa ulizovuka nazo, zidisha kwa difu, zidisha kwa 336, gawa kwa kipenyo cha tairi. Ukivuka kwa maili 101 ukiwa gia ya tatu inakuja kama RPM 4,870. Mshale ukisoma 5,200, konveta inateleza asilimia 6 hivi, safi kabisa. Ikipita asilimia 10, imelegea mno kwa gari lako.

Siku ya kufunga, mimina oili ndani ya konveta kwanza. Isukume huku unaizungusha mpaka uisikie ikiingia mara tatu. Giaboksi ikishakaa kwenye injini, kabla ya kukaza bolti, konveta izunguke kwa mkono, na kati yake na fleksipleti (sahani ya injini ambayo konveta hufungwa) pawe na nafasi ya milimita 3 hadi 5. Ukikuta hakuna nafasi, haijaingia kwenye pampu. Shusha giaboksi uanze upya, maana ukilazimisha kwa bolti unapasua pampu.

Nova74
Nimewaelewa. Nampigia mtengenezaji Jumatatu nikiwa na vipimo vyote, nitamwambia nataka karibu 3,000 kisha nimsikilize. Video ya dashibodi nitaileta hapahapa.