Mwisho wa Mei Durban: bahari inaogeleka kwa mama wa Tanga?

BintiRaskazone

Assalaam alaykum wote. Kaka yangu yuko Durban, anafanya kazi ya makontena bandarini, na mwaka huu kamkatia mama tiketi. Tunafika tarehe 24 Mei, tunarudi katikati ya Juni.

Mama ana miaka 67 na bahari hajaiacha. Maji yakijaa asubuhi utamkuta ufukweni Raskazone, hapa Tanga, na shoga zake, wameingia na kanga zao, wanatoka jua likianza kuuma. Ameshasema Durban nako ni Bahari ya Hindi, kwa hiyo atakoga kama kawaida yake. Kaka naye anasema Mei huko ni baridi, yeye hata mguu hatii. Kwenye simu naona joto la maji limeandikwa nyuzi 22. Hiyo ni baridi ya namna gani kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Tanga? Presha anayo, dawa anakunywa kila siku. Nimpakie nguo gani? Na papa je? Jirani kamsimulia habari za papa wa huko. Mama hakushtuka, lakini mimi silali.

MpembaWaCape

Dada, mtu akikuambia "bahari ya Afrika Kusini ni baridi", muulize kwanza mji gani. Mimi niko Cape Town. Huku, upande wa Clifton na Camps Bay, maji huwa nyuzi 12 mpaka 14 Januari, katikati ya kiangazi, watu wamejaa mchangani na jua linawaka. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na yale ya chini, ya baridi, yanapanda kushika nafasi. Mwisho wa Mei ndiyo mvua zetu zinaanza kukolea. Durban ni kinyume: mvua zao ni za kiangazi, Mei zinakuwa zimeshapungua sana, na mkondo unaowapitia unatoka kwenye joto. Wa Durban atakueleza zaidi yangu.

Mvuvi wa Bluff

BintiRaskazone, karibuni sana, na mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa Pangani, nimeoa huku, na siku yoyote nisiyo kazini utanikuta na mshipi kwenye miamba ya Bluff, hapa hapa Durban. Pwani hii naisoma kwa sababu samaki hawaniachii nafasi ya kutoisoma.

Mama atakoga. Ila asiongozwe na hiyo nyuzi 22, aongozwe na upepo.

Tuanze na maji. Tanga mwisho wa Mei bahari iko kwenye nyuzi 27 hivi, na hata Agosti ikipoa kabisa hubaki karibu na 25. Durban hiyo 25 ndiyo kilele chetu, tunaiona Februari na Machi. Mwisho wa Mei ni 22 au 23, na Agosti kama 21. Yaani bahari ya Tanga ikiwa baridi kabisa, ni sawa na yetu ikiwa moto kabisa. Akiingia pumzi itambana kidogo, kisha mwili utakubali. Kwa mji ulio karibu nyuzi 30 kusini ya ikweta hayo ni maji ya neema, na neema yenyewe ni mkondo wa Agulhas, unaoteremka kutoka pande za Msumbiji na Madagaska ukifuata ukingo ambapo kina kinaanguka ghafla.

Hewa sasa. Mchana ni nyuzi 24 hivi, jua kavu, bila ule unyevu unaonata mwilini. Usiku hushuka mpaka 13 au 14. Pigeni hesabu hapo: alfajiri bahari ina joto kuliko nchi kavu. Kwa hiyo shida ya mama haitakuwa kuingia, itakuwa kutoka, akiwa na kanga iliyolowa na hewa ya nyuzi 14 inampiga mgongoni. Ratiba yake ya Raskazone ya asubuhi mapema aiache Tanga. Jua huku linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kufika saa kumi na moja na dakika chache jioni limeshazama. Mpelekeni kati ya saa nne na saa saba, mchanga ukiwa umeshapata moto. Kanga ya pili kavu iwe mkononi mwako wewe, si kwenye gari.

Upepo ndio mwenye pwani hii. Nyinyi kusi likianza mnajua litakaa miezi. Huku hakuna upepo unaokaa. Siku mbili tatu unavuma kutoka kaskazini-mashariki, halafu unageuka wa kusini-magharibi, unaingia na mawingu, na joto linaanguka ndani ya saa moja. Kabla haujageuka, majira haya, mara nyingi inakuja siku moja ya kumhadaa mgeni. Hewa inateremka kutoka nyanda za juu upande wa milima ya Drakensberg, inabanwa kadiri inavyoshuka, inapata moto, na mji mzima unapigwa na upepo mkavu ambao wenyeji wanauita berg wind. Nyuzi 30 na zaidi, mwisho wa Mei! Bahari inakuwa imelala kama sahani, kwa sababu upepo wa nchi kavu unayalaza mawimbi. Mgeni anaona kiangazi kimerudi, anaacha sweta nyumbani, anakaa pwani mpaka alasiri. Kisha upande wa kusini unaona mstari wa mawingu ya chini, na kabla hujakunja mkeka upepo umegeuka. Siku kama hiyo mama akoge asubuhi, afurahi, na saa saba awe nyumbani. Kesho yake na keshokutwa asiende kabisa, maana mawimbi yanakuja nyuma ya upepo ule.

Na mawimbi ndiyo ambayo hajayazoea. Raskazone imo ndani ya ghuba, na nje kuna matumbawe yanayovunja nguvu ya bahari. Durban hakuna kinga ya namna hiyo. Tufani za kusini kule mbali zinazaa mawimbi marefu, yanakuja mpaka mchangani hayajazuiwa na kitu, na majira ya baridi ndipo yanapokuwa makubwa. Yale ya Machi 2007 yalikutana na bamvua, yakabomoa mali pwani yote hii ya KwaZulu-Natal. Sisemi hayo kumtisha mama. Nasema kwa sababu mtu anayejua kuogelea kwenye maji tulivu ndiye anayejiamini kupita kiasi kwenye maji yanayosukuma.

Kujaa na kupwa kusimsumbue. Tanga bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hapa ni kama mita 2 tu, kwa hiyo hana haja ya kusubiri maji yajae. Aangalie bendera za waokoaji, aingie katikati ya bendera mbili, na asisogelee vile vigati vya South Beach na North Beach, kwa sababu pembeni mwa kigati ndipo maji yanapokusanyika na kurudi baharini kwa nguvu.

Ningekuwa mimi ndiye mwanawe, mara ya kwanza ningempeleka Thompson's Bay, kaskazini, upande wa Ballito. Pale kuna bwawa lililozungushiwa ukuta kwenye miamba, bahari inaingia humo humo lakini wimbi linavunjikia nje. Maji ni yale yale, chumvi ile ile. Mjini kuna bwawa la maji ya chumvi la Rachel Finlayson karibu na North Beach, ila muulizeni kaka kwanza kama liko wazi.

Jambo moja zaidi, na hili silifichi kwa sababu linaniuma. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 400 katika mkoa huu na yakaharibu mitambo ya majitaka, fukwe zikafungwa kwa miezi. Tangu hapo, mvua kubwa ikinyesha, wengi wetu hatuingii mpaka tuone vipimo vya maji. Karibu na mlango wa mto Umgeni, pale Blue Lagoon, baada ya mvua msimpeleke hata kama maji yanaonekana safi. Mwisho wa Mei mvua ni chache, huenda msikutane na hali hiyo kabisa.

MamaTatu_Overport

Naongezea ya nyumbani, maana mimi ni nesi na wageni kutoka kwetu nawapokea kila mwaka. Baridi ya Durban haimkamati mtu pwani, inamkamata chumbani. Nyumba nyingi hazijajengwa kwa baridi, sakafu ni za vigae, na hita ni ile ya kuchomeka ukutani kama mtu anayo. Mpakie sweta mbili, soksi nzito, viatu vya kufunika vidole, na shali ya kuswalia alfajiri. Blanketi zito mwambie kaka anunue kabla hamjafika. Koti kubwa la theluji usijisumbue nalo.

Kuhusu presha: maji ya baridi yanabana mishipa na presha inapanda ghafla dakika za mwanzo. Kwa hiyo kujitupa asijitupe. Aingie miguu, asimame, ajipake maji mikononi na shingoni, ndipo aendelee. Asiwe peke yake, na asikae majini mpaka ameanza kutetemeka. Na kabla ya safari amuone daktari wake hapo Tanga amweleze kwamba ataogelea, kwa sababu dawa za presha hazifanani. Dawa zije kwenye begi la mkononi, za siku zote na ziada.

BintiRaskazone

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea mama sauti ya juu, la Thompson's Bay kalikubali, la kuacha alfajiri bado ananuna. Kaka Mvuvi, papa hujanijibu. Na kaka yangu anasema mwezi wa Juni kuna samaki wanaojileta wenyewe mchangani watu wakawaokota kwa ndoo. Ni kweli?

Mvuvi wa Bluff

Ni kweli, na majibu ya maswali yako mawili yamefungamana.

Samaki wenyewe ni sadini. Makazi yao ni maji baridi ya kusini, upande wa Cape. Mwezi wa Mei kwenda Juni, maji ya ukanda mwembamba kati ya nchi kavu na mkondo wa Agulhas yanapoa, na sehemu ya sadini hao wanapenya humo wakipanda kaskazini kama mtu anayepita uchochoroni, huku mkono mmoja maji moto, mkono wa pili mchanga. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha kwamba wanaofanya safari hiyo wana asili ya upande wa Atlantiki, wamezoea baridi, ndiyo maana wanaifuata. Sisi wavuvi tunaanza kuwangoja maji yakishuka chini ya 21. Wakati huo huo nguru, ambao walikuwa hapa tangu Januari, wanatuaga kwa sababu wao wanataka maji ya moto. Mimi ndivyo ninavyojua majira yamegeuka: nguru wameondoka, na samaki tunaowaita shad wameanza kuuma kwenye miamba.

Nyuma ya sadini wanakuja pomboo, ndege weupe wanaopiga mbizi kutoka juu, na papa. Kwa kawaida pwani za kuogelea za Durban zina nyavu za papa tangu 1952. Usidhani ni ukuta. Ni nyavu za mita 214 kila mmoja, zimetandazwa mita mia kadhaa nje, papa anaweza kupita juu au pembeni. Kazi yake ni kupunguza idadi ya papa wanaokaribia. Kuanzia 1943 mpaka nyavu zilipowekwa, watu saba walikufa kwa papa Durban, na baada ya hapo hakufa mtu kwenye fukwe hizo zenye nyavu. Hoja ya kumpunguzia jirani yenu maneno iko hapo.

Sasa sikiliza: sadini wakikaribia, nyavu zinatolewa, ili zisije zikanasa pomboo na nyangumi wengi kwa mkupuo. Zinatolewa zaidi pwani ya kusini, kuanzia Margate mpaka Scottburgh na Amanzimtoti, na penye nyavu zilizotolewa kuoga kunapigwa marufuku. Bango likisema hapana, ni hapana, hata kama vijana wako majini mpaka kiunoni na ndoo zao. Mama akitaka kuona, asimame mchangani. Ni jambo la kuonwa: mashua zinavuta wavu mpaka ufuoni, watu wanakimbilia, wanaweka sadini kwenye sketi, kwenye kofia, kwenye mifuko ya plastiki. Siku na mahali hakuna anayeahidi, hata sisi tunapigiana simu.

Mkiwa na bahati, mwanzoni mwa Juni mtaona nyangumi kutoka kwenye Bluff, wakipiga mvuke nje ya mawimbi. Wanatoka Antaktika kwenda kuzaa maji ya moto, wengine wanafika mpaka Zanzibar na Watamu mwezi wa Julai na Agosti.

Na kama mama atapenda watu wa kuzungumza nao: hapa Bluff, King's Rest, ndipo walipoishi wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, wengi wao asili yao Wamakua, waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa hapa kuanzia 1873. Utawala wa ubaguzi uliwahamishia Chatsworth miaka ya 1960, na wako huko mpaka leo na misikiti yao. Mke wangu ana jamaa kwao, atampeleka kwa furaha.

Mkishatua, nitumie ujumbe hapa jioni. Nitakuambia upepo ulivyokaa na kama tarehe 25 ni siku ya Thompson's Bay au ya kulala chini ya blanketi la MamaTatu.