Kikundi cha familia ya Kichaga, "Kihamba Chetu" (kihamba ni shamba la ukoo), Jumapili jioni

Shangazi Mwanza: Shikamooni wakubwa, wadogo habari za Jumapili. Hivi ile sauti ya Bibi ya asubuhi imesikilizwa? Dakika tatu na nusu. Wajukuu wote humu kimya kama maji mtungini.

Kelvin: Shikamoo shangazi. Nimesikiliza mara mbili. Nimeambulia "mbege", "Desemba" na jina langu 😅 Nikajua anauliza kama tunaenda nyumbani kuhesabiwa.

Shangazi Mwanza: Marahaba. Pombe ya ndizi unaisikia haraka! Bibi anasema jirani wa upande wa mfongo, ule mfereji wa maji, aling'oa masale, ile mimea yetu ya mpakani, akapanda migomba yake. Wazee wakamweka kitako. Jana kaja na sale limefungwa fundo, anaomba msamaha. Bibi anauliza alipokee au angoje tufike Desemba. Na wewe mjukuu mkubwa alitaka useme neno.

Kelvin: Duh.

Anko Dodoma: Sale likishaletwa hulikatai hivihivi. Hilo si ua la kupamba meza.

Mama Kelvin: Jamani msimlaumu mtoto. Baba yake wa Marangu, mimi wa Rombo. Wiki niliyoolewa nilimsalimia mama mkwe kwa Kirombo, akaniuliza kwa Kiswahili kama nimeshakula 😂 Tangu siku hiyo nyumba yetu Kiswahili.

Dada wa Chuo: Mama mdogo yuko sahihi. Darasani kwetu hakuna "Kichaga" kimoja. Kivunjo, Kimochi, Kimachame, Kirombo, kila kimoja wataalamu wanakihesabu peke yake. Mtu wa Siha na wa Usseri wakikutana stendi ya Moshi wanamalizana kwa Kiswahili.

Baba Mkubwa: Visingizio hivyo. Mimi na mke wangu wote wa Marangu, kihamba na kihamba, na wanangu hawajui hata kuomba maji. Tuliwanyima wenyewe. Baba Kelvin, umesahau kibao?

Baba Kelvin: Kaka, hiyo mambo usiianze.

Baba Mkubwa: Wasome. Shule ya msingi kulikuwa na kibao cha mti, kamba ya katani. Ukinaswa unaongea kilugha unakivaa shingoni mpaka umnase mwenzio. Atakayelala nacho, asubuhi viboko. Ile kamba inawasha, shingo inatoka vipele. Siku moja jua linazama ninacho bado. Nikamfuata mdogo wangu chini ya mringaringa, nikamuuliza kwa kilugha, taratibu kabisa, kama anataka ndizi ya kuchoma.

Baba Kelvin: Nilikuwa na njaa, kaka.

Baba Mkubwa: Akanijibu. Nikamvisha.

Shangazi Mwanza: 🙆🏾‍♀️ Miaka yote hiyo mimi sijui.

Baba Kelvin: Basi nilipopata watoto nikasema hawa hawatavaa kitu. Kiswahili na Kiingereza, basi. Sikuwaza kwamba mama atakuja kutuma sauti na mwanangu asimwelewe.

Anko Dodoma: Hata Mangi Petro Itosi Marealle, kitabu chake cha 1947 cha maisha ya Mchaga kakiandika kwa Kiswahili. Mila utazikuta humo, lakini namna ya kuzitamka iko kwa Bibi tu.

Dada wa Chuo: Ndiyo maana sauti zake zisifutwe. Simu yangu ina nafasi, nitazihifadhi kwa tarehe. Ila kuhifadhi si kuongea, tujibuni. Kila Jumapili Bibi anatuma, mjukuu mmoja anajibu kwa sauti, hata sentensi moja. Na hakuna kumcheka mtu!

Baba Mdogo Dubai: Naunga mkono. Huku kila mtu anapiga simu kwao kwa lugha yao, mimi nikipiga naongea kama nasoma taarifa ya habari.

Mama Kelvin: Na Kirombo? Au sisi tulikuja kupika mtori tu?

Baba Mkubwa: Jumapili ya pili yenu, shemeji. Bibi asipoelewa naye ajifunze 😂

Kelvin: 🎤 Sauti 0:06

Shangazi Mwanza: Kelvin! "Aika mbe" ni asante ya kumwambia mwanamume. Bibi ni "aika mae". Umemfanya bibi yako meku, mzee wa kiume.

Dada wa Chuo: Tumesema hakuna kucheka!

Bibi (simu ya Dada): 🎤 Sauti 0:41

Kelvin: Anasemaje? Nasikia kicheko tu.

Baba Kelvin: Sekunde thelathini ni kicheko kweli. Halafu anasema sale amelipokea, limechomekwa mlangoni, na Desemba utalipanda wewe mpakani. Mwisho anasema bando limebaki kidogo.

Shangazi Mwanza: Nani anamtumia? Mimi nilituma wiki iliyopita.