Insha ya kushawishi kwa Kiingereza: takriri ipo, maswali ya balagha yapo, mbona haishiki?

Kalamu_Nyeusi

Wakuu, naombeni macho yenu. Insha ni ya maneno 600, hoja yake ni kwamba maktaba za umma zifunguliwe hadi usiku. Aya ya kwanza hii hapa:

"Is it not time for a change? Is it not time for our libraries to wake up? The extension of opening hours is a necessity that has been recognised by many people. Libraries are the beating heart of learning, and they give students a quiet place, access to computers and they can also meet others there. Longer hours are important for night workers, although they cost money."

Sarufi nimeikagua, mbinu nimeziweka (takriri, yaani kurudia maneno, na maswali ya balagha, yaani yasiyongoja jibu), lakini aya imepoa. Tatizo ni mbinu zenyewe au ni muundo wa sentensi? Na takriri irudiwe mara ngapi?

Mzee_wa_Vishazi

Muundo kwanza. Chukua karatasi, andika neno la mwisho la kila sentensi yako, moja chini ya jingine: change, up, people, there, money. Katika Kiingereza cha maandishi, uzito wa sentensi huangukia mwishoni, pale kabla ya nukta. Msomaji anaondoka na neno hilo. Wewe unatetea maktaba, halafu aya nzima unaifungia kwenye "money", yaani umemwachia mpinzani wako kiti cha mbele.

Dawa ni kupanga vishazi, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi. Hoja ya mpinzani itangulie, kwenye kishazi tegemezi, kisichoweza kusimama peke yake. Hoja yako ije mwisho, kwenye kishazi huru, kinachosimama chenyewe: "Although longer hours cost money, they are the only hours a night worker has." Mambo ni yaleyale, ila sasa gharama ndiyo iliyomezwa.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyougua zaidi. Ina maneno 15 na kitenzi chake kikuu ni "is". Vitenzi vyenye nguvu, "extend" na "need", umevigeuza nomino, "extension" na "necessity", ndiyo maana hakuna mtu anayefanya kitu. Jiulize: nani afanye nini? "The city must keep its libraries open until midnight." Maneno 9, mtendaji yupo, tendo lipo, na saa unayoidai imekaa mwishoni. Hao "many people" waondoe, kwa sababu msomaji mkaidi atauliza ni akina nani na huna jibu.

Msinielewe kwamba kauli ya kutendwa, kama "has been recognised" yako, ni haramu. Inafaa pale anayetendewa ndiye tunayemzungumzia: "Students who have no desk at home are turned out at five." Aliyewatoa hatuhitaji kumjua.

Halafu orodha yako imevunjika usambamba. "A quiet place" na "access to computers" ni vikundi nomino, kisha ghafla "they can also meet others there" ni kishazi kizima. Vitu vitatu kwenye orodha moja viwe vya umbo moja, na kirefu kiwe cha mwisho: "They give students a desk, a computer and someone to ask."

Balagha_Tamu

Nakubaliana na Mzee. Niongeze kuhusu takriri na maswali.

Watu huhesabu mara, wakati cha kuangalia ni kinachobadilika. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akihutubia Bunge la nchi hiyo tarehe 4 Juni 1940, alirudia "we shall fight" mara 7 katika kifungu kimoja. Fuatilia yanayokuja baada ya maneno hayo: Ufaransa, baharini, angani, kisha fukwe, viwanja vya kutua, mashamba na mitaa, vilima. Vita vinasogea vikikaribia mlangoni kwa msikilizaji. Kisha mfuatano unakatwa, "fight" inatoweka na inakuja "we shall never surrender". Sikio lililokwisha kuzoea mdundo linashtuka hapo.

Kwa hiyo: sehemu inayorudiwa iwe fupi, maneno mawili hadi manne. Sehemu inayobaki ilete jambo jipya kila mara, tena kwa mpangilio. Katika maneno 600, takriri moja ya mara tatu inatosha kabisa. Ya mara mbili, kama yako, inaonekana kama mwandishi amejisahau. Na "wake up" yako haikuongeza kitu juu ya "change".

Swali la balagha ni hatari kuliko linavyoonekana. Ukifungua kwa "Is it not time for a change?", msomaji asiyekubaliana nawe anajibu "No" na umempoteza kabla hujaanza. Swali lije baada ya ushahidi, jibu likiwa limeshabanwa:

"The doors close at five. Her shift ends at six. When is she supposed to read?"

Sentensi mbili za taarifa tupu, bila pambo lolote, ndizo zinazolipa swali nguvu.

Nukta_Mkato

Hapo kwa ufupi wa sentensi naomba nipunguze kasi kidogo. Fupi tatu mfululizo zinapiga. Fupi nane zinachosha, zinasomeka kama maagizo ya dawa. Baada ya hizo tatu, weka ndefu inayochelewesha kishazi kikuu (kile kishazi huru chenye hoja): "If you clean offices, if you drive the last bus, if you finish at six and the doors close at five, the public library is not public." Usivuke vishazi vitatu vya "if", kwa sababu msomaji anavibeba vyote kichwani hadi umpe kishazi kikuu.

Angalia pia koma. "The doors close early, people lose out" ni kosa: vishazi huru viwili havishikwi na koma peke yake. Weka nukta, nukta mkato, au "and" au "so" baada ya koma. Churchill aliviunganisha vyake kwa koma kwa sababu ni vifupi, vina umbo moja na viko kwenye mfuatano. Nje ya hapo mhariri atakukata, na atakuwa na haki.

Sitiari zako zinagombana. Maktaba imelala inaambiwa iamke, sentensi mbili baadaye ni moyo unaodunda. Chagua moja au acha zote mbili. Mimi ningeacha, kwani "beating heart" imetumika hadi imechakaa.

Kalamu_Nyeusi

Nawashukuru sana, wakuu. Nimeandika upya:

"The doors close at five. Her shift ends at six. When is she supposed to read? Longer hours cost money, and the city is right to count it, but an empty building costs money too. The city must keep its libraries open until midnight."

Nimekubali hoja ya gharama waziwazi badala ya "some people may say". Ni sawa?

Mzee_wa_Vishazi

Ni sawa, na umefanya vizuri kuipa hoja ya mpinzani heshima yake. "Some people may say" humfanya mpinzani kivuli, na kumshinda kivuli hakumshawishi mtu.

Mawili yamebaki. "Her" ni nani? Hatujamwona bado. Andika "A cleaner's shift ends at six", kisha "she" itakuwa na pa kushika. Na sentensi ya nne imeishia kwenye "too", neno jepesi mahali pazito. Jaribu: "but it already pays for a building that stands locked."

Sasa pima tena maneno ya mwisho: five, six, read, locked, midnight.